Fundi wa Masoko na Mfumo Uliokataa Kuwaka

Saa tano asubuhi, Ijumaa, kompyuta ya mezani iliyo mbele ya Sikina Mehboob inagoma tena. Maandishi yanashuka kwenye kioo, yanafika mstari uleule, yanaganda. Simu imelazwa juu ya kaunta, spika wazi, na upande wa pili Ignasi anasubiri kutoka Lindi mjini. Saa sita duka linafungwa kwa ajili ya swala, na kabla ya hapo wenzao wa mradi wanataka jibu.

"Imegoma," Sikina anasema.

Sikina ni fundi kompyuta wa Kilwa Masoko. Ofisi yake ni kona ya duka la vipuri la baba yake, Mzee Mehboob, kati ya mikanda ya mashine za kusaga na makopo ya oili. Mchana anahangaika na laptopu zilizomwagikiwa chai. Jioni, bila malipo, anahangaika na kitu kikubwa zaidi.

Kitu hicho kinaitwa Komwe, mmoja wa ile mifumo endeshi ya bure ya ukoo wa Linux. Ulitengenezwa kwa Kiswahili, mwepesi, kwa ajili ya kompyuta kuukuu zisizoweza kubeba mifumo ya kisasa. Waanzilishi wake wakapata shughuli nyingine, wakautelekeza. Shule moja ya Pande ikabaki na mashine zinazoutegemea, kasoro zinaongezeka na hakuna wa kuzirekebisha. Ndipo Sikina, Ignasi na wenzao wachache waliofahamiana mtandaoni wakaamua kuufufua. Wengine hawajawahi hata kuonana ana kwa ana.

Sasa wamechoka. Toleo jipya linawaka vizuri kwa kila mtu, linakufa mezani kwa Sikina tu. Ubaya ni kwamba mashine yake ndiyo inayofanana na zile za Pande. Wamekubaliana kwamba likigoma leo, mradi unafungwa. Mwalimu Zakia, anayefundisha kompyuta shuleni hapo, ameshaambiwa ajiandae kwa lolote, na kwake lolote maana yake ni chumba cha kompyuta kutiwa kufuli.

"Hata kula sina hamu," Sikina ananiambia mimi, mwandishi niliyeketi kando yake, bila kuinua macho. "Nimewasumbua watu wiki nzima, halafu nije niseme tumeshindwa?"

Ignasi anaomba asomewe kila kilicho kwenye kioo, kuanzia juu kabisa. Juu kabisa kuna tarehe.

"Tarehe moja Januari, elfu mbili na saba," Sikina anasoma, kisha anakoma. Anajishika kichwa kwa mikono miwili.

Mafundi wa mwambao wana mazoea yao. Ile betri ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta ikichoka, hewa ya chumvi huiozesha, ikavuja na kuila bodi. Basi Sikina huing'oa mapema na kuitupa. Mashine inaendelea na kazi, ila kila ikiwashwa hurudi mwaka uleule wa zamani. Amewaambia wateja wasiijali tarehe, mpaka na yeye akaacha kuiona.

Komwe ya zamani haikujali. Hii mpya hukagua sahihi ya usalama katika kila faili, na sahihi hizo zimewekwa mwaka huu. Mashine inayoamini iko 2007 inaona sahihi za siku ambazo hazijafika, inazikataa. Na haina kosa, masikini.

Dukani betri za aina hiyo zimekwisha. Sikina anamwomba baba yake rimoti ya gari, ambayo ndani ina betri kama hiyo. Mzee anauliza gari litafunguliwaje, anajibiwa kwa ufunguo, kama zamani. Anaitoa huku akinung'unika kwamba siku moja ataombwa meno.

Betri inaingia, saa inarekebishwa. Maandishi yanashuka, yanafika mstari uleule, yanapita. Kioo kinaandika "Karibu", na Sikina analia waziwazi mbele ya mteja aliyefuata plagi ya pikipiki.

Anawaandikia wenzake kwamba mfumo ni mzima, mbovu ulikuwa mkono wake. Mradi haufungwi. Kisha anampigia Mwalimu Zakia, anamwamkia shikamoo, anamweleza kuwa atakwenda Pande Jumatatu. Huko amewahi kufungua kila mashine.

"Mwalimu, betri za shuleni kwako nilizing'oa mimi, zote," anasema. "Nakuja kuzirudisha. Nakuomba ule mlango usiufunge."