Inchi Mbili Ndani ya Mshono

Mama mdogo hakuwahi kukata kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Mafundi wengine hukipunguza ili nguo ikae nyepesi. Yeye alikikunja, akakipiga pasi, akakiacha inchi mbili kila upande. Mteja akilalamika, alimjibu kwamba mwili hauna mkataba na mtu. Umepungua leo, kesho utarudi kudai nafasi yake.

Nguo zake mwenyewe alizishona hivyo hivyo, na kadiri alivyokonda alizipunguza kuliko za mteja yeyote. Alipofika miaka hamsini na mbili, gauni lake la kijani, alilovaa kwenye harusi yangu, lilikuwa limeingizwa ndani mara nne. Kitambaa kilichokunjwa pembeni kilikuwa kinene kama mkanda.

Sokoni walimwita Sindano. Muuza vifungo wa kibanda cha jirani alimwonya asije akajitunga uzi kwa bahati mbaya, naye akacheka nao. Lakini chakula kilimtesa. Akila vijiko vitano, haikupita nusu saa tumbo lilimkaza hapa juu, chini ya kifua, hadi akainamia cherehani. Akaanza kuogopa sahani. Alitibiwa vidonda vya tumbo, akapigwa picha, hakikuonekana kitu.

Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeingia naye kwa madaktari. Mmoja aliniuliza pembeni kama kuna jambo linalomsumbua nyumbani. Nikamwambia mumewe alimwacha, na tangu hapo anajinyima kula. Niliamini hivyo. Daktari akaandika, na kila tuliyemwendea baadaye alisoma maandishi yale kwanza, kisha akamtazama mama mdogo kama mtu anayedeka. Ikapita miaka mitatu.

Aliyegundua alikuwa daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi mwenye haraka. Alimsikiliza juu ya kitovu, akamwambia atoe pumzi yote, akasikiliza tena. Picha za mishipa zikathibitisha: utepe mgumu wa ule msuli unaotenga kifua na tumbo ulikuwa umeukandamiza mshipa unaopeleka damu tumboni, na kila akitoa pumzi ulizidi kuubana. Ni ugonjwa wa nadra, alisema, na wengi huambiwa wanajisingizia. Angeukata ule utepe, damu ipite. Lakini alituonya kwamba mgonjwa amekonda mno, na mapafu yake yangeweza kulemewa baada ya upasuaji.

"Kumbe ni kiuno tu kimebana," mama mdogo alimwambia. "Ungepita kwangu, daktari, ningekufundisha kufumua."

Nje, kwenye benchi, nilimweleza nilichomwambia yule daktari wa kwanza. Alilinyoosha pindo la gauni lake kwa vidole.

"Ulinipima kwa macho, mwanangu," alisema. "Ndivyo wanavyokosea mafundi wageni wa kazi."

Hakulitaja tena.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Siku ya nne alimaliza bakuli zima la uji, akaketi akiyangoja maumivu kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda. Hayakuja. Akaomba bakuli la pili, akala nusu, akanituma nimwambie muuza vifungo kwamba Sindano inakaribia kuwa mkasi. Siku ya sita akaanza kukohoa. Kufikia ya nane, homa ya mapafu ilikuwa imemshika, na kila neno alilitoa kwa kuvuta pumzi.

Alifariki jioni ya siku hiyo. Mchana wake nilikuwa nimempelekea lile gauni la kijani, la kuvaa akiruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimwuliza kama nilipunguze tena kidogo, maana niliona lingempwaya. Alilivuta kifuani, akapapasa mshono wa pembeni mpaka akakifikia kile kitambaa kilichokunjwa.

"Usilipunguze," aliniambia. "Lifumue, mwanangu. Inchi moja kila upande. Si unaona nimeanza kula?"