Tarumbeta Makaburini

Jumamosi ile, siku moja kabla ya Pasaka, mume wangu Aminieli alikaa kibarazani akisugua tarumbeta lake kwa majivu na ndimu. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nguo zilikuwa zimekauka mapema, na mbuzi wa jirani alikuwa ameingia tena kwenye mchicha wangu. Nilimrushia jiwe nikamkosa, Aminieli akanicheka mpaka akadondosha ndimu. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida ninalolikumbuka.

Hatukuwa Machame. Tulikuwa mashariki ya Congo, katika mji mdogo chini ya milima, ambako Aminieli alikuwa ametumwa kuwa mwinjilisti. Binti yetu Neema tulimwacha huku nyumbani kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Tuliambiwa hali imetulia. Ilikuwa imetulia kwa hao waliokuwa wanatuambia.

Kwetu Machame wafu tunawazika kihambani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, wapiga matarumbeta hupita kihamba hadi kihamba, wakisimama makaburini na kupiga nyimbo za ufufuo. Mwenye nyumba hutoka na shuka begani. Wanamwambia, "Bwana amefufuka!" naye anaitikia, "Amefufuka kweli!" Baba yake Aminieli alikuwa mpigaji, na Aminieli alianza akiwa bado anavaa kaptula. Kwake, Pasaka bila tarumbeta makaburini ilikuwa Jumapili kama nyingine.

Lakini mwaka ule waasi walikuwa mlimani, juu yetu. Wanajeshi wa serikali waliokuwa wakilinda daraja walikuwa wameondoka bila kuaga. Watu wa vijiji vya juu walishuka na magodoro kichwani wakajaa kanisani, wakawa wanalala kati ya mabenchi. Aliyewalisha alikuwa Mama Zawadi, mjane wa palepale, mzee wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alibandika sufuria kubwa nyuma ya kanisa, asubuhi uji, jioni maharage, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Mwanawe mmoja aliyebaki, Safari, fundi seremala, ndiye aliyetupasulia kuni.

Jioni nilimwambia Aminieli, "Mwaka huu usipige. Nenda makaburini ukaombe, lakini tarumbeta liache."

"Kama tunaamini amefufuka, tunaogopa nini?"

"Risasi. Mimi naogopa risasi, Baba Neema."

Akatabasamu lile tabasamu lake la mimbarini. Nililichukia siku ile, na mpaka leo nalichukia.

Mama Zawadi alikuwa anaosha vikombe pembeni. Akainua uso. "Bale ba ku mulima nabo banasikia, mwinjilisti."

"Wale wa mlimani wasikie, mama. Nao ni wa kuhubiriwa."

"Miye pia naamini Yesu alifufuka," akasema. "Kesho asubuhi nitakuwa ku sufuria. Akinitafuta, atanikuta pale."

Aminieli hakuambilika. Safari akasema atamsindikiza na taa, na wengine wachache wakasema watakwenda kuimba. Mama Zawadi alimtazama mwanawe kwa muda. Safari alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, na mama yake hakumkataza. Akarudi kwenye vikombe.

Kulipoanza kupambazuka nilikuwa nakoroga uji. Tarumbeta likaanza ng'ambo ya bonde, upande wa makaburi. Ulikuwa wimbo wetu uleule wa Machame, na aliupiga vizuri, vizuri mno. Kwa dakika ile nilinusa migomba ya kwetu iliyolowa umande. Nilimkasirikia kwa kunifurahisha namna ile.

Ubeti wa kwanza ukaisha.

Wa pili ukaanza.

Risasi zikaja kutoka juu, nyingi kwa pamoja. Tarumbeta likakatika katikati ya mstari.

Nilijitupa chini kifudifudi. Kanisani watoto walipiga kelele, kisha wakanyamaza wote, na kimya chao kilinitisha kuliko kelele.

Mama Zawadi hakulala chini. Alichuchumaa, akavuta kuni kutoka motoni ili moshi upungue, akaendelea kukoroga.

"Mama, lala chini!"

"Uji utaungua," akasema.

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Alijua mwanawe yuko wapi.

Risasi ziliponyamaza alianza kugawa. Alitambaa kati ya mabenchi na kikombe baada ya kikombe, nami nikatambaa nyuma yake kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Watoto walikunywa wakiwa wamelala ubavu. Mwimbaji mmoja aliyejiburuta kutoka makaburini ndiye aliyetuletea habari. Aminieli alikuwa amekufa. Safari alikuwa amekufa, taa bado mkononi.

Baadaye, katika kambi ya wakimbizi, mtu aliyekuwa amelazimishwa kuwabebea waasi mizigo aliniambia walichodhani. Kwa watu wa bunduki, tarumbeta la alfajiri ni kambi ya jeshi inaamshwa. Waliamini wanajeshi wamerudi gizani. Pasaka haikumjia hata mmoja wao kichwani.

Tuliwazika mchana uleule, kwenye makaburi yaleyale, haraka haraka. Safari, aliyekuwa akiwatengenezea wenzake majeneza, tulimfunga kwenye shuka. Mama Zawadi alikuja mikono ikiwa na unga bado. Nilisubiri anilaani. Ningeshukuru kama angenilaani, kwa maana mume wangu ndiye aliyemtoa mwanawe mlangoni. Alinishika bega, akaniuliza kama maharage ya jioni yanatosha.

Waasi walipoingia mjini mimi nilikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na waliokuwa na miguu. Yeye alibaki na wasioweza kutembea. Niliulizia habari zake kwa kila aliyetoka kule, mpaka nikachoka. Sikupata lolote.

Huku nyumbani Aminieli amekuwa shujaa wa imani. Walimjengea kaburi la vigae kihambani, wakapanda masale, majani yetu ya heshima, pande zote, na ndani hamna kitu. Kila Pasaka matarumbeta husimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mchungaji husema marehemu alimwitikia Bwana aliyefufuka bila woga. Nakaa hapo na shuka langu nikisikiliza. Safari hatajwi. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mama yake.

Jumamosi hushuka Moshi mjini na ndoo ya uji, nikawagawie wanaouguza ndugu zao hospitalini, wale wanaolala nje kwenye vipande vya boksi. Neema, anayeishi mtaa wa Soweto palepale mjini, hunisaidia kubeba. Kanisani wanaita upendo. Ni hasira, lakini uji haujui. Na bado naamini amefufuka. Hilo ndilo linaloniuma. Kama nisingeamini, ningelaza kichwa changu nikapumzika.

Pasaka ya mwaka huu sikutoka kwenda kaburini. Matarumbeta yalipoanza, mwili wangu ulikwenda chini wenyewe, kama kila mwaka, lakini safari hii nilipoinuka nikabaki jikoni na kuwasha moto. Mama mkwe akaingia akipapasa ukuta. Macho yake yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukutoka? Mchungaji anakuulizia."

"Napika uji."

Akakaa kwenye kigoda. Kila Pasaka huniuliza swali moja, nami kila mwaka hujifanya nachochea moto. Akaliuliza tena.

"Aliumaliza wimbo, mwanangu?"

Nilimwangalia. Mwanawe alikuwa wa pekee, kama Safari kwa mama yake. Nikaona nimechoka kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Hakuumaliza, mama. Alifika ubeti wa pili."

Mikono yake ilikunja kanga, ikaikunjua, ikaikunja tena. Nilidhani atalia, au atanifukuza jikoni kwake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Nilikuwa napika uji na mama mmoja anaitwa Mama Zawadi. Mwanawe aliuawa pamoja na mwanao, naye akagawa uji."

"Aligawa?"

"Aligawa wote."

"Watoto walishiba?"

"Walishiba, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanyoosha mkono mtupu kuelekea kwangu. Nikamwekea kikombe, nikamsaidia kukishika. Tukanywa. Nje matarumbeta yalikuwa yamehamia kwa jirani, kwenye kaburi la mtu aliyekufa kitandani mwake kwa uzee, na pale wakaupiga wimbo wote mpaka mwisho.