Mpiga Fidla wa Siku ya Umuganda

Msije mkaniambia nilikuwa nimelala. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua linawaka, na chai nilikuwa nimeshakunywa. Tena mimi ni mtu wa kushuku; hata mke wangu akinisifia shati, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo nikisema niliona, niliona.

Nilikuwa nafundisha kwaya Kicukiro, hapa Kigali. Siku moja nilifungiwa maandazi kule Rwezamenyo kwa ukurasa wa gazeti kuukuu la Kifaransa, umejaa vibonzo vya mpiga fidla wa barabarani asiyejua kupiga. Mbwa anaziba masikio, mama anammwagia maji kutoka dirishani, kidole gumba cha mguu kimetoboa kiatu. Nilicheka mpaka machozi. Nikaubandika ukutani kwenye chumba cha mazoezi, na kila aliyekosea sauti nilimsimamisha chini yake, wenzake wamcheke. Jeanne, binti wa sauti ya pili, alilia mara mbili. Nikaona anajifanya.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Mnajua Kigali asubuhi hiyo: maduka yamefungwa, watu wote wako mitaroni na majembe, hakuna anayezurura. Mimi nilituma ujumbe kwamba tumbo linaniuma, nikajifungia chumba cha mazoezi ninakili nyimbo. Mara nikasikia fidla nje, inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Nani anapiga muziki wakati wa umuganda? Nikashuku kiongozi wa mtaa amenitegea, nikichungulia tu anikamate.

Nikachungulia. Kidole gumba kilikuwa nje ya kiatu.

Nikasema hii ni kazi ya wanakwaya wangu, wamemvalisha mtu. Lakini kelele zile zingewaleta watu wa umuganda, nami ni mgonjwa. Nikabeba beseni la maji ya kudekia, nikammwagia.

Niaminini, maji yalimpiga yakaanguka chini, na shati lake likabaki kavu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwarimu," akasema taratibu, "mimi sikuanza hivi. Zamani nilikuwa na kwaya yangu. Nilikuwa nacheka watu sana."

Akainama kuniaga, akakata kona.

Saa tisa wanakwaya wakaja. Nikafungua kinywa niwape sauti ya kuanzia, kikatoka kitu nisichokijua, kinakwaruza kama fidla ile. Wakacheka, wakidhani natania. Nikarudia. Walipoacha kucheka ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitalini wanasema koo halina kasoro. Huu ni mwaka wa pili. Jeanne ndiye anayefundisha, mimi nagawa vitabu vya nyimbo. Jumapili iliyopita alininong'oneza, "Mwarimu, jaribu porepore, hakuna atakayecheka." Nikajaribu. Kwaya nzima ilikaza nyuso, na kweli hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikutana na asiyejua kuimba, mwache aimbe. Kama huwezi kumsifu, pita. Mimi nami nilidhani sauti ni mali yangu.