Maoni ya Tavita

Tanuri la mikate pekee kijijini, huko kisiwani Savaii, lilikuwa la Fuatino, lakini yeye hakuzaliwa pale, aliolewa tu. Mke wa kuja hana neno kwenye baraza la machifu. Atapika, atapakua, atawafukuzia nzi, basi. Kwa hiyo baraza lilipotaka kupiga marufuku mikate ya Jumapili, siku anapouza zaidi kuliko zote, ilibidi amtegemee mumewe Tavita, mwenye cheo.

Alimfunda wiki nzima. "Anza kwa kuomba siku nzima. Wakikataa, shuka hadi asubuhi tu. Hapo usishuke tena, hata wakununie. Umenisikia, baba watoto?"

"Nimekusikia. Kwani mimi mtoto?"

Siku ya kikao Fuatino aliwapelekea machifu mikate na kakao ya moto, kisha akakaa nyuma ya nyumba ya baraza akitega sikio. Sauti ya mumewe hakuisikia.

Tavita alirudi mchana, ameshiba.

"Wamepiga marufuku," alisema.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilitoa maoni yangu, kwamba wakubwa wamenena vyema. Ulitaka nimpinge msemaji mkuu wa baraza mbele za watu?"

"Ningemtuma nguruwe. Yeye angalau angeguna."

"Chunga ulimi, mwanamke. Mbona mikate yako wameisifu? Wanataka uwapelekee kikao kijacho."

Fuatino alienda kupima unga. Tanuri lilikuwa lake, lakini ardhi lilipojengwa ilikuwa ya ukoo wa Tavita.