Kilima cha Batoto Wasiobatizwa

Juzi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Beni kwenda Butembo kumuona mama, na tulipofika juu ya mtaa wetu nikamwambia motari asimame. Rafiki, kile kilima cha batoto kimejaa nyumba za mabati.

Zamani mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo hakuzikwa misioni. Alizikwa kwenye kilima kile, bila msalaba. Sisi tuliokwenda kuchota maji asubuhi, baridi ikituuma vidole, tulipita pale mbio, kila mmoja akidondosha punje ya maharagi. Ilisemwa kwamba ukipita bila kuwaachia kitu, batoto wale watakuzungusha mpaka usahau njia ya kwenu.

Msimu mmoja wa kupanda, jirani yetu, mwenye watoto wengi na shamba dogo, alipanda kilima na jembe. Koko, mama ya baba yangu, alikuwa akipalilia viazi karibu na wamama wenzake. Nilifikiri atamtisha kwa habari ya kupotea. Wapi. Alienda tu akasimama mbele ya jembe.

"Baba, mutoto yangu wa kwanza, mwanamuke, iko hapa chini ya miguu," akasema polepole. "Lima pembeni."

Jirani akasogea. Mama mwingine akaacha palizi, akaja kusimama palepale aliposogea. Akaja mwingine, na mwingine, mwisho mama yake jirani mwenyewe.

"Mwanangu, na wewe uko na dada hapa," akamwambia. Hakuwa amemwambia maisha yote.

Jirani alilaza jembe, akaketi kwenye majani, akalia mbele yetu sote.

Jioni, tukichambua maharagi, nilimuuliza koko kama kweli batoto wale hupoteza watu. Akacheka.

"Ni sisi wamama tulianza kuisema. Mutu mwenye kuogopa, hapana lima."

Wamama wale wamekwisha wote, na habari yao imekwenda nao. Waliojenga pale walikimbia vita vijijini. Walihitaji pa kulala, nami siwalaumu. Karibu na pale koko aliposimama, nilimkuta mama kijana akiogesha mtoto kwenye beseni.

"Mama, unatafuta nani?" akaniuliza.

"Shangazi yangu."

"Anaitwa nani?"

Hakubatizwa yule, lakini kwetu Wanande msichana wa kwanza huzaliwa na jina lake tayari.

"Masika," nikajibu.