Kabati la Ndani ya Kompyuta

Mwanamke wa kwenye kompyuta alinifia mara tatu, na kila mara nilimkasirikia kana kwamba alifanya makusudi. Alikuwa ametoka kuzaa, na damu haikomi. Sisi wanafunzi wa uuguzi hapa Bunia tulipaswa kubonyeza hatua za kumwokoa kabla hajakata roho. Aliyeshindwa hakuruhusiwa kwenda mazoezini kwenye wodi ya wazazi, na mimi sikutaka wodi nyingine. Mama yangu mdogo alivuja damu ya uzazi mpaka akafa tulipokuwa tukikimbia vita kutoka Djugu.

Darasa zima tulianza vilevile: kubonyeza pa kuita familia. Kwetu mgonjwa haji hospitalini peke yake. Anakuja na garde-malade, ndugu anayelala kando ya kitanda, anayempikia, na anayekimbia farmasi kununua glavu na serumu ya dripu kabla muuguzi hajamgusa. Kompyuta haikuyajua hayo. Ilijibu kwa Kifaransa safi kwamba familia inasubiri nje, na damu ikaendelea kutoka.

Mwalimu wetu, mama mwenye ulimi mkali, alikuja kusimama nyuma yangu.

"Damu iko inatoka, na weye uko unatafuta mama mukwe wake?"

"Madamu, sina gants za mikono."

"Fungua kabati."

Kweli, pembeni mwa chumba kile cha kwenye kioo palikuwa na kabati. Hatukuwahi kulifungua, maana makabati ya hospitali tunayoyajua sisi yana buibui na kandambili za watu wa zamu. Nikalibonyeza. Glavu, serumu, dawa ya kukaza kizazi, vyote vimepangwa. Nikamkanda tumbo, nikamwekea serumu, nikamchoma sindano, na akapona. Wenzangu walipiga makofi, lakini mimi hasira zilinipanda.

"Hii machine iko inatudanganya, Madamu. Kabati ya kwetu haina kitu ata kimoja."

"Basi mujaze."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini nilipoingia wodini nilimsumbua muuguzi mkuu mpaka akanipa sanduku la bati. Kila mama aliyeruhusiwa kurudi nyumbani nilimwomba aniachie kile ambacho familia yake ilinunua na hakikufunguliwa. Wauguzi walinicheka, eti nakusanya sadaka. Sikujali, na sanduku likajaa.

Mchana mmoja mama wa kutoka Tchomia alizaa, na mara damu ikalowesha godoro. Muuguzi mzee, kwa mazoea, akamtuma mume wa mama yule farmasi mbio. Mimi nikafungua sanduku. Nilikanda tumbo lile mpaka mabega yakawaka moto, huku mwenzangu akitundika serumu na kuchoma sindano. Kizazi kikakaza chini ya kiganja changu kama ngumi, na damu ikakatika. Nilicheka na kulia kwa pamoja, bila aibu yoyote. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko hospitali nzima.

Mume alirudi akihema, mfuko mkononi, anatazama nyuso zetu akitafuta habari mbaya. Mke wake alikuwa ameanza kudai chai.

"Nimechelewa?" akaniuliza.

"Weka mu sanduku, papa," nikamwambia. "Ni ya mama mwenye atakuya nyuma yake."