Shubiri ya Kumwachisha Ziwa

Mpaka leo nikiona shubiri imepandwa kwenye kopo la rangi, kinyaa kinanishika. Sisemi uchungu. Kinyaa.

Kwa mama mkwe wangu, kule Ilongero, ilijaa nyuma ya jiko. Kuku wakizubaa, jani linakatwakatwa kwenye maji yao. Mtu kaungua, shubiri. Tumbo, shubiri. Shina zima lilining'inia juu ya mlango ili wachawi wasipite, na nikaambiwa linachipua bila udongo kwa sababu linakula husuda. Haya!

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanawake wenzangu walikuwa wanafuata mitumba Arusha. Wakaniwekea nafasi kwenye lori la Ijumaa. Nikikosa, wanamchukua mwingine, na mimi nabaki kupepeta mtama wa watu. Lakini binti yangu wa mwaka na nusu alikuwa bado ananyonya, na bila ziwa hapati usingizi.

"Paka shubiri," mama mkwe akaniambia Jumanne. "Wote tumeachishwa hivyo, hata huyo mume wako."

Akanikamulia mwenyewe. Ute wa njano, unavutika kama makamasi, na harufu yake ya kwapa. Jamani! Nilijipaka nimegeuza uso. Ukanigandia kwenye chuchu, ukalowesha sidiria, na mchana hata ugali ulikuwa mchungu kwa sababu mikono haikutakata kwa sabuni. Niliichukia ngozi yangu mwenyewe.

Mtoto akaja mbio, akalidaka ziwa. Akaachia. Akatema, akakohoa, mate yakamtiririka kidevuni.

"Umeona? Kwisha habari yake," mama mkwe akacheka. Nilitamani kumwambia anyamaze, lakini mkwe ni mkwe.

Kisha mtoto akashika pindo la kanga yangu. Akalifuta lile ziwa taratibu, kama nilivyozoea kumfuta yeye akijipaka uji. Akafuta tena. Hakuwa analia. Alidhani mama yake kachafuka, anamsaidia. Alipomaliza akatabasamu, akafungua mdomo.

Nikaomba jani jingine. Nikapaka tena, zaidi ya mwanzo, yeye kasimama katikati ya magoti yangu, anautazama mkono wangu. Akafunga mdomo. Akageuka, akamnyooshea bibi yake mikono abebwe.

Ijumaa nilipanda lori. Hakunililia.